Naomba ushauri: uzamili wa uhandisi wa umeme, data nitaitoa wapi?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, na riziki yangu ni jenereta na sola za mahoteli. Sasa nataka kusoma uzamili, upande wa mifumo ya nguvu za umeme.

Kilichonivuta ni ule mtambo wa sola wa Langobaya, ulioanza kazi 2021. Wingu likipita, nguvu inashuka ghafla, na sola haina rota nzito inayozunguka ya kuhimili mshtuko kama jenereta ya maji au mvuke. Betri zingesaidia kiasi gani kutuliza volteji huku kwetu? Hapo ndipo ningependa kuchimba.

Nimewaandikia walimu wa vyuo viwili. Mmoja anataka pendekezo la utafiti kwanza, mwengine asema nitafute msimamizi kwanza. Basi nimekwama katikati.

Waliopita njia hii, nisaidieni: bila data za mtambo wenyewe, modeli ya MATLAB (ile programu ya kompyuta ya hesabu na uigaji) pekee yatosha kwa tasnifu? Na kwa mtu aliyeziacha hesabu za matriki siku nyingi (kazini ni spana na mita tu), bora nichukue uzamili wenye masomo ya darasani au wa utafiti mtupu?