Mrejesho: yule niliyekuwa nasikia ndege bila kuwaona

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza mbona kila nikienda kuangalia ndege mashambani nasikia kelele tu sioni kitu, mkaniambia niwahi kabla jua halijachomoza, nisimame sehemu moja na jua liwe mgongoni. Basi jana nimeamka gizani (nilijilaumu kweli, majira haya ya machipuko huku ughaibuni alfajiri bado baridi) nikasimama kwenye kona ya uzio wa miti kama nusu saa hivi bila kutikisika, aisee! Yule aliyekuwa ananitesa kumbe ni kipozamataza, kale kandege kadogo ka mashambani, nilikuwa namtafuta kwenye miti wakati jamaa anaimba akiwa angani juu kabisa, kinukta tu, anapiga mabawa palepale dakika kadhaa hapumziki, halafu anajiachia chini kwenye majani. Kiota chake kiko ardhini kwahiyo sikukatiza shambani, nilibaki njiani. Mbayuwayu nao washarudi kutoka Afrika, wanapita chini chini kukamata wadudu. Ile darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42) mliyonishauri inatosha sana, ila mkanda wake unakata shingo balaa, mnatumia mkanda gani?