Natafuta sekondari ya Kikatoliki itakayomlea kijana mwenye disleksia

Mama Kijana, Kimara

Tumsifu Yesu Kristo, wadau. Mwanangu wa kiume amemaliza darasa la saba mwaka huu. Kichwani yuko vizuri: msimulie somo la sayansi leo, wiki ijayo atakurudishia lote. Tatizo ni ukurasa. Anafuata mstari kwa kidole, anaruka maneno, b inageuka d, na wenzake wakimaliza kunakili ubaoni yeye bado yuko mstari wa tatu. Mwanasaikolojia aliyempima alituandikia kuwa ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala akili ndogo.

Baba yake na mimi tunataka shule ya Kanisa kwa ajili ya malezi. Mtoto huyu anatumikia misa, na pale altareni ndipo ninapomwona anajiamini. Tumezunguka shule kadhaa, kila mkuu wa shule anatuonyesha matokeo ya kidato cha nne. Nikieleza hali ya mtoto najibiwa, "mleteni afanye mtihani wa kujiunga." Mtihani wenyewe ni wa kusoma na kuandika kwa kasi!

Nichague kwa kuangalia nini? Bweni au kutwa? Ada tutajikakamua, ila sitaki tulipe halafu arudishwe nyumbani kidato cha pili kisa wastani.

Mwalimu wa Moshi

Milele amina, mama. Hapo kwenye wastani umegusa penyewe. Shule nyingi zenye jina zina wastani wake zenyewe, mbali na viwango vya Baraza la Mitihani (NECTA). Anayeshuka chini yake anakariri darasa au anaambiwa atafute shule nyingine. Usisubiri kuambiwa, kaangalie mwenyewe. Fungua tovuti ya NECTA, chukua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya 2022 ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne 2024, shule hiyo hiyo. Tuseme walikuwa 120 na waliofika mwisho ni 80. Hao 40 wako wapi? Wachache huhama kwa sababu ya ada au uhamisho wa mzazi, hilo ni la kawaida. Lakini pengo kubwa likijirudia mwaka hadi mwaka, huo ni mchujo, na mtoto wako atakuwa wa kwanza kupitiwa nao. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule bora Januari 2023, ila mabango ya ufaulu bado yametundikwa getini.

Jingine: ukifika shuleni usiishie ofisini. Omba uone daftari la mwanafunzi anayeshika mkia, wafunike jina. Ukikuta alama nyekundu za kukosa ukurasa mzima na "ongeza bidii" chini, ondoka. Ukikuta mwalimu amekaa akaandika pembeni ni wapi mtoto alipotea njia, hapo pana walimu.

Baba wa Wanne

Mama, mpeleke seminari ndogo au bweni la mapadri. Nidhamu ya kule itamnyoosha. Watoto wa siku hizi tunawadekeza sana.

Dada wa Mbeya

Baba, kwa heshima zote, hili si suala la nidhamu. Mdogo wangu alichapwa miaka yote ya msingi kwa "uvivu" huu huu, hadi akaichukia shule. Hakuna fimbo inayomfundisha mtoto kutofautisha b na d. Na seminari ni nyumba ya kulea wito wa upadre. Kijana aende kwa sababu anausikia wito, asipelekwe kunyooshwa.

Mama, kama unaishi Dar mimi ningeanza na kutwa. Bweni lina prepo ya usiku, kila mtu kimya na kitabu chake. Huyu atakodolea macho ukurasa ule ule hadi kengele ilie. Nyumbani unaweza kumsomea kwa sauti naye akakueleza alichoelewa, tena sasa karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, mzigo umeongezeka. Shule za Kanisa za kutwa zipo, mfano Loyola ya Wajesuiti pale Mabibo. Sisemi wana huduma unayotafuta, kawaulize ana kwa ana.

Mwalimu Elimu Maalumu

Naongezea kwa upande wa taaluma. Kwanza, kama hajapimwa macho na masikio, apimwe; macho hata hospitali ya CCBRT hapo hapo Dar. Disleksia inaweza kuambatana na tatizo lingine lisiloonekana.

Pili, uliza shule kama ina mwalimu hata mmoja aliyesomea elimu maalumu, pale chuo cha ualimu Patandi, Arusha, au chuo kikuu. Akiwepo, uliza ana vipindi vingapi vya kukaa na wanafunzi wa aina hii. Wengine wamepewa darasa la kawaida asubuhi hadi jioni na cheti kimebaki kwenye faili.

Tatu, mtihani wa taifa. Miongozo ya NECTA inatoa nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Matangazo huwataja zaidi wasioona na wenye uoni hafifu, kwa hiyo mwenye disleksia lazima aombewe mapema, na anayeomba ni mkuu wa shule. Ripoti ya mwanasaikolojia itunze, toa nakala.

Mama Kijana, Kimara

Asanteni sana, nimeandika yote. Baba yake anauliza kuhusu mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kwenye mtaala mpya. Kijana anapenda sana kufungua redio na kuzifunga.

Mwalimu wa Moshi

Mkondo huo ulianza na kidato cha kwanza 2024 katika baadhi ya shule, ulizeni kama mnayoitaka imo. Wasalesiani wa Don Bosco nao wana vyuo vya ufundi, Dodoma na Iringa. Ila aende kwa sababu anapenda redio, asijione ametupwa huko kwa kushindwa kusoma.

Kuhusu mtihani wa kujiunga, andikeni barua kabla ya siku yenyewe: asomewe maswali, au aongezewe muda, au ahojiwe kwa mdomo. Ambatanisheni ripoti. Shule itakayokubali, hata kwa moja tu kati ya hayo, hiyo ndiyo mrudi kuongea nayo mambo ya ada.