Ramani ya bustani ya zamani Shanty Town: namba zipo, majina ya miti hakuna

MwenyeKitalu: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nina kitalu cha miche hapa Moshi. Mama mmoja wa Shanty Town anataka bustani yake irudi kama ilivyokuwa enzi za mkoloni. Kanitolea ramani sandukuni: karatasi ya buluu, mistari myeupe, mikunjo imeanza kuachia. Ina viduara vyenye namba, 1 mpaka 34, ila jina la mti hata moja hakuna. Namba 7 ziko mbili getini, na pale getini pana mjakaranda mmoja na kisiki. Zilizobaki siambulii kitu. Halafu kijana wangu anasema tukailaminishe.

MzeeMasjala: Msilaminishe! Selotepu nayo muiache dukani, gundi yake ikigeuka njano haibanduki bila kuondoka na karatasi. Buluu hiyo hufifia kwa mwanga. Ipige picha kivulini, bila flashi, kisha ilaze bapa kabatini kati ya karatasi safi. Mchwa wa kwetu unawajua.

Kipimajoto: Kisiki usikichimbe kwanza. Pima kutoka kisiki hadi mjakaranda, linganisha na ramani, skeli umeipata.

DadaRamani: Kaka, penye namba pana orodha. Hata ofisi ya Frederick Law Olmsted, yule aliyebuni Central Park ya New York na Calvert Vaux mwaka 1858, ilifanya hivyo: mchoro una namba, majina ya mimea yako kwenye karatasi nyingine. Leo michoro ya ofisi ile, zaidi ya laki moja, iko Brookline, Massachusetts, wakati barua nyingi ziko Library of Congress kule Washington. Kinachozikutanisha ni namba ya kazi. Mchoro peke yake utakuonyesha mti ulipangwa wapi. Kama mteja aliukataa, hilo liko kwenye barua. Muulize mama barua, risiti, hata daftari la matumizi. Na pembeni mwa ramani hakuna namba?

MwenyeKitalu: Ipo, 112/3. Mimi nilidhani bei! Nimerudi kwa mama, sandukuni kuna bahasha ya risiti, moja imeandikwa 112, grevilea 40. Nimehesabu viduara vya namba 12 kwenye uzio wa nyuma: 39. Wa arobaini nadhani ulikuwa pale mkunjo ulipotoboka.