Mdogo wangu kapigwa tochi Virginia, maili 88 kwenye 70. Kweli hii ni jinai?

Mama Neema (Baltimore)

Wakuu salaam. Naombeni ushauri wa wenye uzoefu na barabara za huku Marekani, hasa jimbo la Virginia.

Sisi tuko Maryland. Kitinda mimba wetu kaja kwa lotari, ana grini kadi, usiku anafanya kazi nyumba ya wazee na mchana anasomea uuguzi. Juzi alikuwa anarudi kutoka Raleigh kwenye sendofu ya binamu yetu. Kavuka mpaka wa North Carolina, yuko I-95 kusini mwa Virginia, barabara imenyooka, magari machache. Mara mataa ya bluu nyuma. Kapimwa maili 88 na kibao kinasema 70. Trafiki mwenyewe wala hakuwa na maneno: kampa karatasi asaini, kamwonyesha tarehe ya mahakama ilipoandikwa, kamtakia safari njema.

Tukajua ni faini tu kama zile za kamera za hapa mjini zinazokuja kwa posta. Nikaichukua karatasi nikaisoma vizuri: hakuna kiasi cha kulipa popote. Kuna kifungu 46.2-862 na maneno Reckless Driving, yaani uendeshaji wa kizembe. Kugugo nakuta mpaka miezi 12 jela na faini mpaka dola 2,500. Jamani, kwa maili 18 za ziada?

Halafu kuna hili. Hata wiki haijaisha, sanduku la barua limejaa bahasha za mawakili wa Virginia. Wanajua jina lake, anwani, kosa, na siku ya kesi. Hawa ni mawakili kweli au ni matapeli wamenunua taarifa mahali?

Yeye anaapa mshale kwenye dashibodi ulikuwa 84. Na ana wasiwasi kwamba kwa kusaini ameshakiri kosa. Shemeji yake, yaani mume wangu, anasema ndiyo mwisho wa ule mpango wao wa kuchukua leseni ya malori. Mama kule Same hajaambiwa, na tunaomba asijue.

Aende? Alipe? Atafute wakili? Nawasilisha.

Chuma Chakavu

Dada usijitie presha. Lipa mtandaoni mambo yaishe. Virginia na Maryland hawajuani, kila mtu na serikali yake. Ila mwambie dogo kule ukipita 80 umekwisha, hiyo kila mtu anaijua.

Mkalimani

Mama Neema, pole. Na hongera kwa kuisoma hiyo karatasi, maana wengi huja nayo mahakamani ikiwa imekunjwa vilevile ilivyotoka kwa polisi.

Mimi natafsiri Kiswahili kwenye mahakama za Virginia. Nikiwa kazini nasema maneno ya wengine tu, yangu nayameza. Hapa niko nyumbani na chai yangu, kwa hiyo leo nasema, ila kumbukeni mimi si wakili.

Chuma, huo ushauri usimpe mtu mwingine. Kosa hili halilipwi mtandaoni. Ni jinai ndogo ya daraja la kwanza, daraja lilelile la kumpiga mtu makofi au kukamatwa umelewa kwenye usukani kwa mara ya kwanza. Lazima lifike mbele ya hakimu. Na hawa majirani wanajuana sana: Maryland na Virginia zote zimo kwenye mkataba wa majimbo wa kupeana taarifa za madereva. Ukipuuza wito unaweza kuhukumiwa bila kuwepo, au hakimu akatoa hati ukamatwe, na leseni yako ya nyumbani ikaja kufungiwa wakati wewe umeshasahau.

Kusaini si kukiri. Kaahidi kufika tu. 

Sasa tuje kwenye hiyo 88, maana hapa ndipo kesi ya huyu kijana ilipo. Virginia wana njia mbili za kukuingiza kwenye kosa hili kwa mwendo peke yake. Ya kwanza, uzidishe kibao kwa maili 20 au zaidi. Ya pili, upite 85, kibao kiseme kinachosema. Zamani hiyo ya pili ilikuwa 80. Tarehe 1 Julai 2020 wakaipandisha, ndiyo maana Chuma bado ana 80 kichwani. Piga hesabu: 88 kwenye 70 ni ziada ya 18, kwa hiyo njia ya kwanza haijamgusa. Kanaswa na ya pili, kwa maili 3. Sheria inasema kuzidi 85, kwa hiyo mtu wa 85 kamili kwenye barabara hiyohiyo ana faini ya kawaida ya mwendo, basi.

Kwa hiyo ule mshale wa 84 msiuchukulie kama porojo za kujitetea. Apeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kupimia spidomita, apewe cheti. Sheria ya kule (46.2-942) inamtaka hakimu akizingatie. Matairi ya ukubwa tofauti na ya kiwandani, kwa mfano, yanaupotosha mshale kabisa. Cheti kikionyesha dashibodi inasoma pungufu kwa maili 3 au 4, wakili ana kitu cha kushika mkononi. Kikionyesha mshale uko sawasawa, hakuna anayemlazimisha kukitoa mfukoni.

Wakili naye ataitazama tochi yenyewe. Polisi anatakiwa awe na cheti kwamba kifaa chake kilipimwa ndani ya miezi 6. Mara nyingi anacho. Siku asipokuwa nacho, utaona wakili anatabasamu.

Hizo barua ni za kweli. Kesi ni taarifa ya wazi. Yeyote anaingia kwenye tovuti ya mahakama za Virginia, anachagua kaunti, anaandika jina, anaona mashtaka na tarehe. Mawakili wanayapakua majina wanatuma bahasha, ndiyo biashara yao. Asichague barua yenye karatasi nzuri. Achague anayesimama kwenye kaunti ile kila wiki, kwa sababu kila hakimu ana mizani yake, na anayewajua ataweza kumwambia hata kama ana haja ya kusafiri. Kwenye kaunti nyingi wakili anaweza kusimama peke yake kwa kesi ya mwendo kama huu. Ila mpaka wakili atamke kwamba asije, ahesabu kwamba anakwenda. Jina la wakili alihakikishe kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo kabla ya kutuma hela.

Akienda, nimwambie ninachokiona kila siku. Mahakama nyingi za kule haziruhusu simu kuingia mlangoni. Kijana anafika dakika za mwisho na picha zake zote za ushahidi ziko kwenye simu, askari wa mlangoni anamrudisha kwenye gari, akirudi jina lake limeshaitwa. Kila kitu kiwe kwenye karatasi. Halafu ukumbi: polisi wamekaa safu za mbele na makofia yao mapajani, mawakili wanapita wanawanong'oneza, na kesi zenye mawakili mara nyingi zinamalizwa kwanza. Anayejitetea anaitwa, anaulizwa anakiri au anakana. Hapo ndipo wengi wanajimaliza. Anasema "nakana, nilikuwa nakwenda na mwendo wa magari mengine." Mimi natafsiri hivyohivyo, sina ruhusa ya kupunguza wala kuongeza, na namwona hakimu anaandika. Mheshimiwa kashasikia kwamba ulikuwa na mwendo huo. Kingine: "nilikuwa nawahi kazini." Hicho ndicho kibaya zaidi.

Kinachosaidia ni rekodi safi. Aende ofisi ya leseni Maryland achukue rekodi yake ya udereva yenye muhuri. Darasa la udereva la saa 8 akilifanya kabla ya siku ya kesi, hakimu wengi wanalipenda, lakini amuulize wakili kwanza kama la mtandaoni linakubalika kwa hakimu yule. Kwa mtu wa 88 asiye na historia, wakili atapigania ishushwe iwe kosa la kawaida la mwendo, au iwe kifungu 46.2-869, uendeshaji usiofaa: hiyo si jinai, faini yake haivuki dola 500. Jela kwa mwendo wa 88 na rekodi safi sijaizoea. Minong'ono ya jela naanza kuisikia namba zikikaribia 100. Mwishoni mwa siku hakimu ana uwezo mkubwa, na ndiyo maana nasema wakili.

Akikutwa na hatia ya shtaka lenyewe: pointi 6, miaka 11 kwenye rekodi ya udereva ya Virginia, hakimu anaweza kumzuia kuendesha ndani ya jimbo hilo mpaka miezi 6, na inabaki hatia ya jinai. Bima nayo ikishapata habari mtaisikia wenyewe. Asiporidhika na hukumu ana siku 10 za kukata rufaa mahakama ya juu yake, na kesi inasikilizwa upya tangu mwanzo.

Na mkalimani aombe mapema, halipii kitu. Hata kama Kiingereza chake cha kazini ni kizuri. Asimchukue shemeji kutafsiri, tafadhali.

Kamau wa Trela

Mama Neema, pole sana. Mimi niko kwa lori, I-95 naijua kutoka Florida mpaka Maine. Mwambie bwana yako hiyo ndoto haijakufa lakini isubiri kesi iishe kwanza.

Wacha nieleze vile iko kwetu wenye CDL, hiyo leseni ya malori, ndio ajue anaingia wapi. Kwa sheria ya serikali kuu, kuzidisha maili 15 na zaidi ukiwa kwa lori ni kosa kubwa, na hii ya kizembe pia ni kosa kubwa. Ukipatikana na mawili ndani ya miaka 3, unakaa nje siku 60. Matatu, 120. Na ile huruma ya hakimu, ati nenda darasa nitafuta kesi, sisi hatuna: majimbo yamekatazwa kuficha hatia ya mtu wa CDL, hata kama ulikuwa kwa gari yako ya nyumbani ukienda kanisani. Tena lazima umwambie mwajiri ndani ya siku 30. Kijana wenu kwa sasa ana leseni ya kawaida, kwa hivyo huo mlango wa darasa kwake uko wazi. Autumie sasa, kabla hajakuwa mmoja wetu.

Kampuni za malori zikipokea maombi zinavuta rekodi yako. Iliyoandikwa kosa la kawaida la mwendo, utaulizwa swali moja. Iliyoandikwa reckless, wengi hawakupigii simu. Mimi nimeketi na jamaa mzuri wa Kisii, dereva safi, anatafuta kazi mwaka mzima kwa ajili ya kitu kama hiki.

Mama Neema (Baltimore)

Asanteni sana wapendwa. Mkalimani, shikamoo, maana kwa hekima hii lazima unanizidi.

Tumempata wakili anayesimama kaunti ileile. Si yule wa bahasha ya kwanza. Bei imeuma lakini tumechangishana, hata binamu mwenye sendofu katoa. Kasema hakimu wa pale anapenda kumwona mshtakiwa mwenyewe, kwa hiyo dogo anakwenda. Gari limepelekwa kupimwa, tunasubiri karatasi. Matairi ya mbele kumbe ni makubwa kuliko ya nyuma, aliyanunua mtumba kwa Mnaijeria.

Swali langu la mwisho. Mwakani anafikisha muda wa kuomba uraia. Hii inaingia kule?

Mkalimani

Marahaba mwanangu.

Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kushtakiwa. Inauliza yaliyotokea, hata yale yaliyoishia kupunguzwa au kufutwa. Asiifiche. Nimeona watu wanahangaishwa kwa kuficha jambo dogo kuliko hili. Kabla ya siku ya mahakama wakili wa trafiki aongee na wakili wa uhamiaji, hata kwa simu ya nusu saa, kwa sababu namna kesi inavyomalizwa ndiyo itakayosomwa kule. Na siku hiyohiyo, kabla hajatoka kwenye jengo, aende dirisha la karani achukue nakala ya hukumu yenye muhuri. Achukue mbili. Kuirudia safari hiyo mwakani kwa ajili ya karatasi moja ni adhabu nyingine.

Na yale matairi ya mtumba asiyabadilishe mpaka kesi iishe.

Chuma Chakavu

Basi nimenyamaza. Ila 80 ilikuwepo, msije mkasema natunga.

Kamau wa Trela

Ilikuwepo, boss, tulia.

Mama Neema, kitu kimoja tu. Kama dogo ana kile kidude cha kunusa rada kwa kioo, akitoe kabla hajavuka daraja la Potomac kwenda kwa hiyo kesi. Virginia hawakiruhusu kwa gari, na sioni akimweleza hakimu yule hiyo ya pili.