Tarehe 5 Februari: walipanga au ilitokea tu?

MwalimuWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia sekondari ya kata, mkoani Tanga. Tangu mwaka jana nina ubao mdogo nimeuegemeza kwenye shina la mwembe karibu na mstarini. Kila asubuhi kabla ya kengele naandika kwa chaki "Leo katika historia": matukio mawili matatu, na mtu mashuhuri aliyezaliwa tarehe hiyo. Chini naacha nafasi ya jina la mwanafunzi mwenye siku yake. Kuna watoto walikuwa wachelewaji sugu, sasa wanawahi ili wausome kabla haujafutwa na mvua.

Naandaa wa tarehe 5 Februari, nimekwama. ASP, chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar, ilizaliwa 5 Februari 1957. Azimio la Arusha, lile tamko la siasa ya ujamaa, 5 Februari 1967. CCM, 5 Februari 1977. Kumi, kumi! Nikageukia wazaliwa: Cristiano Ronaldo (1985), Neymar (1992), Carlos Tevez (1984), Gheorghe Hagi wa Romania (1965). Juu yake tena, Apollo 14 ilitua mwezini 5 Februari 1971.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili, naye kazaliwa siku hiyo, alisoma rasimu yangu akauliza: "Mwalimu, walipanga au ilitokea tu?" Nimemwahidi jibu Jumatatu, na sitaki kumpa la kubahatisha. Nisaidieni.

Mkunazini
Assalamu alaykum mwalimu. Huyo mtoto kauliza suali la mtu mzima.

La 1977 lilipangwa. TANU, chama cha Bara, na ASP zilipokubali kuvunjwa ili kiundwe chama kimoja, CCM, ilichaguliwa siku ASP inatimiza miaka 20. Hapo pana jambo la kumwambia: TANU ilikuwa na siku yake kubwa, Saba Saba, tangu 7 Julai 1954. Ilikuwa kongwe kuliko ASP na wanachama wake walikuwa wengi zaidi. Lakini chama kipya kikapewa siku ya kuzaliwa ya kile kidogo cha Visiwani. Kwetu Unguja jambo hilo lilikuwa na uzito. Marehemu baba alikuwa na kasha la mbao, na mpaka anafariki kadi yake ya ASP ilikuwa humo, imekunjwa kwenye kitambaa cheupe pamoja na ile ya CCM. Akizitoa, anaanza na ya ASP.

Azimio lina mkasa mwingine. Wanafunzi wengi huandika kwamba lilitangazwa Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ndiyo iliyokaa Arusha, 26 hadi 29 Januari 1967, ikalipitisha huko. Kutangazwa kwa umma ni Dar es Salaam, Jumapili ya 5 Februari. Kesho yake tu benki zikataifishwa. Kwa hiyo jina ni la mahali lilikopitishwa, tarehe ni ya siku lilipotangazwa. Ukiandika ubaoni, tafadhali liweke hilo sawa, maana wanakosa alama bure kwenye mtihani.

HesabuKwaWote
Mkuu, hao wachezaji hawakupangwa na mtu, ni hesabu tu. Darasa lako lina wangapi? Tuseme 45. Uwezekano kwamba angalau wawili wamezaliwa tarehe moja ni kama asilimia 94. Hata wakiwa 23 tu, tayari umevuka nusu. Watu hushangaa kwa sababu kila mmoja anajilinganisha yeye na wenzake 22, kumbe inabidi uhesabu jozi zote, na watu 23 wanatoa jozi 253. Sasa fikiria wachezaji wote maarufu duniani. Lazima kuna tarehe zitakazorundikana, na tukiiona moja tunadhani ina nyota yake.

Fanya jaribio hilo darasani, ila kwanza pitia vyeti. Nilipolifanya kwangu, "1 Januari" ilijitokeza mara nyingi kupita kiasi. Ni wale ambao mzazi hakukumbuka tarehe, karani akajaza. Waondoe pembeni kwa upole kabla ya kuhesabu, wasijione wamekosea.

Kuhusu Apollo 14: chombo cha Alan Shepard na Edgar Mitchell kiligusa mwezi saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu. Hawaii wakati huohuo ilikuwa saa tano na dakika 18 usiku, bado tarehe 4! Mwulize binti yako: je, mtoto aliyezaliwa Hawaii dakika ileile ana siku moja ya kuzaliwa na aliyezaliwa Tanga?

Nyamirambo
Mwalimu, naomba niruke mbele kidogo, maana ubao wako utafika Aprili. Niko Kigali.

Tarehe 7 Aprili utakuta Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, aliuawa 1972. Utakuta Shirika la Afya Duniani lilianza 1948, ndiyo maana ni Siku ya Afya Duniani. Utakuta Jackie Chan kazaliwa 1954, na najua watoto watampenda huyo kuliko wote. Na utakuta Rwanda, 1994. Ndege iliyowabeba Rais Habyarimana na Rais Ntaryamira wa Burundi iliangushwa jioni ya tarehe 6. Kulipokucha, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Huku siku hiyo bendera hupepea nusu mlingoti na muziki wa sherehe hunyamaza.

Sikwambii umfute Jackie Chan. Naomba tu asiandikwe mstari mmoja na sisi. Mweke jana yake, uandike "kesho anazaliwa". Darasani kwako huenda kuna mtoto ambaye bibi yake alivuka mpaka wa Rusumo kuingia Tanzania kwa miguu.

MwalimuWaZamu
Nimesoma yote mara mbili. @Nyamirambo, 7 Aprili nitaandika Karume na Rwanda peke yao, chaki nyeupe, bila rangi. Ahsante kwa kunisemesha mapema.

@Mkunazini, nimerekebisha Azimio. Hivi ndivyo utakavyokuwa ubao:

*5 Februari*
*1957: ASP yazaliwa Zanzibar.*
*1967: Azimio la Arusha latangazwa DAR ES SALAAM.*
*1977: CCM yazaliwa. Siku hii ILICHAGULIWA. Kwa nini si Saba Saba?*
*1971: Apollo 14 yatua mwezini. Hawaii ni tarehe ngapi?*
*Wazaliwa: Ronaldo, Neymar, na*

Hapo mwisho ataandika jina lake mwenyewe. Nimemtengea chaki ya njano.