Tupeane uzoefu: operesheni ya ganzi ya mkono kwa kamera

FundiKiyembe: Banange habari zenu. Mimi nashona hapa Kampala, mkono wa kulia unanichoma usiku, gumba na vidole viwili vya kufuata vinakufa ganzi mpaka naamka naukung'uta, kidole cha mwisho kiko fiti kabisa. Daktari kasema ni kapali taneli, neva imebanwa kwenye kifundo. Nimevaa ile bendeji ngumu usiku, nimechomwa steroidi, ikapoa ikarudi. Sasa naambiwa kuna kupasuliwa kwa kamera. Waliofanya, baadaye ilikuwaje? Bei nitauliza mwenyewe.

MsusiArua: Mimi nasuka nywele. Wa kushoto nilipasuliwa kawaida hapa nyumbani, wa kulia kwa kamera Nairobi maana dada yangu anakaa huko. Ule wa kamera walipitia kitundu tu hapo kifundoni, kiganja hakikuchanwa, nikarudi kusuka mapema zaidi, ule wa kawaida kovu liko kwenye kiganja chenyewe na kushika kitana ilikuwa kazi. Ila leo ukiniuliza upi umepona vizuri sioni tofauti. Maumivu ya ukiegemea kiganja mezani nilipata kote kote, yalikaa miezi yakaisha.

DerevaMalaba: Ganzi ya usiku kwangu iliisha siku ileile, nguvu ndo zilichelewa, hata kufungua soda nilikuwa naomba turniboi.

MzeeBombo: Wallahi mimi nina sukari na ganzi ilikaa miaka, nyama ya chini ya gumba ikaisha. Nikapasuliwa, kuchoma kumepungua, nyama haikurudi, vifungo vya shati mpaka leo anafunga mama watoto. Fundi hebu angalia hapo chini ya gumba kama pamebonyea.

NesiJinja: Mzee kasema kweli. Kamera au kawaida kinachokatwa ni kitu kimoja, ule utepe mgumu unaofunika neva. Kamera inakurudisha kazini haraka lakini baada ya mwaka matokeo yanalingana, tena kwa kamera neva kuwashwawashwa kwa muda hutokea zaidi kidogo, na daktari asipoona vizuri ndani anafungua kawaida, usishtuke. Muulize amezoea ipi. Wajawazito msikimbilie kisu, nyingi inaisha ukishazaa.

FundiKiyembe: Nimeangalia, pamejaa bado. Dada wa Arua, nyuzi walitoa lini? Nina oda za gomesi hapa.

MsusiArua: Kama wiki mbili hivi. Vidole chezesha tangu siku ya kwanza, gomesi mpe mwenzio ashone, mkasi mzito usiguse kwanza.