Naomba ushauri: niache ukarani nikasomee majokofu na viyoyozi kwenye chuo binafsi?

Karani_Data:
Habari zenu wakuu. Nina miaka thelathini na kitu na kazi yangu tangu nimalize shule ni kuingiza data. Ofisini imeletwa programu inayosoma fomu yenyewe, na wenzangu wawili wameshaambiwa mikataba yao haitaongezwa. Sihitaji mganga kujua nani anafuata.

Nataka kuhamia ufundi wa majokofu na viyoyozi. Jirani yangu ni fundi, huwa namsaidia siku za mapumziko na kazi naipenda. Chuo cha serikali kozi ni ndefu na ni ya mchana, siwezi kuacha kazi sasa hivi. Kuna chuo binafsi kina kozi ya miezi 9, jioni na Jumamosi. Wanatangaza "ajira ya uhakika" na kwamba asilimia 90 ya wahitimu wao wako kazini. Ada yake itamaliza akiba yangu yote.

Vyuo hivi vinamsaidia kweli mtu kuanza kazi mpya, au wanauza vyeti? Na miezi 9 inatosha? Naombeni mawazo, matusi pia napokea ila kidogo.

Mzee_wa_Spana:
Kaka, chuoni nenda mwisho. Anza kwa waajiri: kampuni zinazofunga viyoyozi, hoteli zenye idara ya matengenezo, wenye vyumba vya baridi vya samaki na maua. Waulize vijana wao wamesoma wapi na ni chuo gani wakisikia jina lake wanaguna. Utapata jibu ambalo hakuna tangazo litakupa.

Mimi nasimamia karakana na ndiye ninayepokea watu wapya. Cheti nakiangalia, nakiweka pembeni. Nampa mtu vipande viwili vya bomba la shaba na tochi ya kuchomelea, aunganishe. Kisha nampa pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mfumo, na geji ya kupima presha. Anayewasha pampu dakika mbili halafu anakimbilia kujaza gesi, namshukuru tunaagana. Unyevu ukibaki ndani ya mfumo unachanganyika na mafuta, inatokea asidi, inaila kompresa taratibu, na mteja anarudi kwangu mimi, si kwa chuo.

Sasa nikujibu swali lako. Vijana wa vyuo binafsi ninao, na wengine ni wazuri kuliko waliokaa darasani muda mrefu zaidi. Tofauti niliyoiona ni moja: walichomelea wenyewe mara nyingi mpaka mkono ukashika, au walimtazama mwalimu akichomelea? Uliza wanafunzi wangapi wanagawana tochi moja. Wakikuzungusha, jibu umeshapata.

Karani_Data:
Asante sana mzee wangu. Ila mimi si kaka, ni mama wa watoto wawili 😀

Mzee_wa_Spana:
Samahani mama. Bomba la shaba halijui tofauti.

Nipo_Macho:
Mleta mada, kuwa mwangalifu, chuo binafsi ni biashara. Marekani kulikuwa na Corinthian Colleges, mtandao mkubwa wa vyuo vya kazi, ukafunga milango 2015. Mwaka uliofuata ikafuata ITT, mtandao mwingine wa vyuo vya kazi, yenye kampasi zaidi ya 130. Corinthian walipatikana wanatangaza takwimu za ajira zisizo za kweli. Wanafunzi wakabaki na madeni, na ilifika 2022 ndipo serikali ikatangaza kuwafutia mikopo waliosoma Corinthian, watu kama 560,000. Wewe unalipa akiba yako mfukoni. Nani atakufutia?

Hiyo asilimia 90 ni ya nani? Ya walioanza kozi au waliomaliza? Wako kazini kwenye fani waliyosomea, au anayeuza vocha naye kahesabiwa? Walihesabiwa lini baada ya kumaliza? Omba majina ya kampuni zilizowaajiri, halafu upige simu.

Mwalimu_Karakana:
Nafundisha chuo binafsi (si hicho, na sitataja changu), kwa hiyo mnaweza kunipunguzia maksi.

Nipo_Macho yuko sahihi kuhusu takwimu. Lakini tuseme pia kwa nini vyuo hivi vipo na kwa nini watu wazima wanavijaza. Mtu aliyekwisha kufanya kazi hana haja ya kurudia masomo ya jumla, anataka ujuzi mmoja, kwa saa ambazo hayuko kazini, na aanze muhula ujao badala ya kungoja mwaka mzima. Hapo ndipo kozi inapofupika. Ikiwa imefupishwa kwa kuondoa masomo ya pembeni, sawa. Ikiwa imefupishwa kwa kuondoa karakana, kimbia.

Miezi 9 haikutoi fundi kamili, na anayekuambia inakutoa anakudanganya. Inakutoa msaidizi ambaye fundi hatajuta kwenda naye juu ya paa. Ufundi wenyewe unaumaliza kazini, mwaka wa kwanza na wa pili.

Kitu ambacho ningekiangalia kuliko jengo na kompyuta ni fildi, yaani mafunzo ya vitendo kwenye kampuni. Chuo chenye maana kina mtu ambaye kazi yake ni kuwatafutia wanafunzi nafasi, anajuana na wasimamizi kama huyu Mzee wa Spana, na akimpeleka mwanafunzi mbovu anaona aibu. Wengi wa wanafunzi wangu walioajiriwa hawakuwahi kutuma barua ya maombi popote, walibakizwa palepale walipofanya fildi. Kwa hiyo uliza: fildi ni ya muda gani, nani anaitafuta, na mwalimu anakuja kukukagua au anasaini fomu tu? Vyuo vingine vinamwambia mwanafunzi "katafute mwenyewe". Hapo unalipia darasa peke yake.

Gesi_Safi:
Hakuna aliyegusa mtaala? Hii fani inabadilika haraka. R-22, gesi ya kupozea ya zamani, inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni: nchi zilizoendelea zilifika mwisho 2020, zinazoendelea zinaiacha kwa hatua hadi 2030. Marekebisho ya Kigali ya 2016 nayo yanabana gesi nyingine zinazotumika sana, R-410A na R-134a. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a, na viyoyozi vingi vipya R-32. R-600a ni isobyuteni, inashika moto kirahisi, na gesi ya friji moja mara nyingi haifiki gramu 100, kwa hiyo unajaza kwa mizani, si kwa kusikiliza kompresa kama wazee wetu. R-32 nayo inawaka, ingawa si kwa urahisi huo.

Ukienda, uliza wanafundishia gesi gani. Ukikuta mitungi ya R-22 peke yake na hakuna mizani, basi unauziwa ufundi wa juzi.

Fundi_wa_Barazani:
Mimi napinga wote. Una jirani fundi, chuo cha nini? Kaa naye mwaka. Tanzania na Kenya zote zina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unapimwa kwa vitendo unapewa cheti. Akiba yako nunua vifaa.

Karani_Data:
Nimeliwaza hilo kaka. Jirani mikono anayo, ila kiyoyozi cha inveta kikileta hitilafu kwenye bodi yake ya kielektroniki anakirudisha au anabahatisha. Yeye mwenyewe aliniambia nikajifunze kutumia kipimo cha umeme vizuri halafu nije nimfundishe.

Fundi_wa_Barazani:
Hapo umenishinda. Soma, ila jirani usimwache, Jumapili nenda naye kama kawaida.

Nipo_Macho:
Kabla ya kulipa, angalia usajili kwenye chombo husika, sio cheti kilichotundikwa ukutani mapokezi. Tanzania ni NACTVET, Kenya ni TVETA. Na usiishie kwenye jina la chuo, uliza kama kozi yenyewe na ngazi yake vimeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji na kompyuta, majokofu wakaongeza wenyewe.

Ada lipa kwa awamu, hata wakikupa punguzo ukilipa yote. Soma kipengele cha kurudishiwa pesa ukiacha katikati. Jimbo la Ontario, Kanada, sheria inampa mwanafunzi wa vyuo hivi siku 2 za kuvunja mkataba na kurudishiwa kila kitu. Pasipo na sheria kama hiyo ulinzi wako ni ile karatasi ya mkataba tu, kwa hiyo hiyo "ajira ya uhakika" waambie waiandike humo. Uone watakavyokohoa.

Mwalimu_Karakana:
Halafu dada, ukarani usiutupe. Mafundi wanaoweza kuandika ripoti inayosomeka, kutunza kumbukumbu za matengenezo ya viyoyozi mia vya jengo moja na kuandaa makadirio ya gharama ni wachache kuliko wanaojua kuchomelea. Kwenye barua ya fildi liandike hilo juu kabisa. Kampuni kubwa zinaweza kukuchukua kwa hilo kwanza, ufundi ukakolea ukiwa ndani.

Karani_Data:
Hili sikuwa nimeliona kabisa. Nimeamua hivi: wiki hii nazungukia waajiri, kisha nakwenda chuoni jioni bila kuwaambia, wakati darasa linaendelea. Nikifika karakana niangalie nini zaidi ya gesi na tochi?

Mzee_wa_Spana:
Angalia sakafu chini ya meza za kuchomelea. Pasipokuwa na vipande vya shaba na alama za kuungua, hapo hapafanyiki kazi. Geji ziwe na mikwaruzo. Halafu mvute mwanafunzi mmoja pembeni, mwalimu asisikie, umuulize mara ya mwisho gesi ya tochi ilipoisha walikaa siku ngapi kabla haijaletwa nyingine. Ukitoka huko rudi hapa utuambie.